Mbwa na Kuta za Nyumba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni fundi wa lipu na rangi hapa Dar es Salaam, na nyumbani kwangu nafuga mbwa wawili. Wateja wanaonipigia simu kuhusu kuta zilizoharibiwa na mbwa ni wengi, na maswali yao yanafanana, ndiyo maana nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa. Nazungumzia zaidi nyumba za tofali za sementi, maana ndizo nyingi mjini, lakini nimegusa pia jipsamu, udongo na zile kuta za chokaa za Pwani.

Ombi langu kwa msomaji ni hili: usishike mwiko wa kupigia lipu kabla hujajua mbwa alikuwa anatafuta nini pale ukutani. Kuna ukuta nimeupiga lipu mara tatu ndani ya mwaka mmoja kwa sababu mwenye nyumba alikuwa na haraka ya kuziba, na mimi sikumsihi atulie kwanza tuchunguze. Fedha yake ilipotea bure, na mbwa aliendelea kuteseka.

Nitajuaje kwa nini mbwa wangu anaharibu ukuta?

Tazama alama ziko wapi, zimefika kimo gani na zina sura gani. Ukuta wenyewe unasema mengi.

Miparuzo ya wima, mirefu, iliyo karibu na mlango, dirisha au geti, ni ya mbwa anayetaka kutoka au kuingia. Huyo ameachwa peke yake kwa saa nyingi, au ameingiwa na hofu. Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya fataki zinapolia, na siku za radi wakati wa masika, mbwa mpole kabisa anaweza kuparua ukuta mpaka kucha zake zitoke damu. Ukiona damu kwenye lipu, usianze kuhesabu hasara ya rangi. Mtazame mbwa kwanza.

Kona iliyomegwa chini, yenye alama za meno, ni kazi ya mtoto wa mbwa. Anapofikia miezi mitatu hadi minne, meno yake 28 ya utotoni huanza kung'oka, na akifika miezi sita au saba huwa amemaliza kuota meno 42 ya ukubwani. Katikati hapo fizi zinamsumbua, na kona ya ukuta ni ngumu, ina ubaridi, na haimkimbii.

Doa lililochirizika kuanzia kimo cha goti kwenda chini, hasa kwenye kona ya nje au nguzo ya geti, ni mkojo wa dume anayeweka mipaka yake.

Mstari mweusi au wa kahawia koridoni, unaokwenda sambamba na sakafu, ni mafuta ya manyoya. Mbwa anapita akijisugua. Huo si uharibifu, ni uchafu tu, na unaoshwa.

Halafu kuna alama ambayo watu wengi huisoma vibaya: mbwa anaparua sehemu moja ileile, katikati ya ukuta usio na mlango wala dirisha, siku baada ya siku. Niliitwa nyumba moja Tabata, mama mwenye nyumba akiamini mbwa wake amepata wazimu. Tulipobandua skatingi, ule ubao wa chini ya ukuta, tukakuta njia ya panya nyuma yake na kiota kilichojaa vipande vya mifuko ya nailoni. Mbwa alikuwa anawaambia kwa wiki mbili nzima. Basi ukiona alama ya namna hiyo, bandika sikio ukutani usiku kabla ya kumlaumu mnyama.

Je, nikimchapa ataacha?

Hapana. Mbwa hawezi kuunganisha fimbo ya saa kumi na moja jioni na kona aliyoitafuna saa nne asubuhi. Anachojifunza ni kwamba ukirudi nyumbani kuna maumivu. Na kama alikuwa anaparua kwa hofu, umemwongezea hofu juu ya hofu, na ukuta utaliona hilo kesho yake.

Sasa nifanye nini ili aache?

Inategemea ulichokiona kwenye jibu la kwanza.

Mtoto wa mbwa anayetafuna mpatie kitu cha kutafuna kilicho bora kuliko ukuta. Chukua kitambaa safi cha pamba, kifunge fundo, kiloweke maji na kukigandisha kwenye friza. Ubaridi unatuliza fizi. Karoti nzima iliyogandishwa nayo inafaa. Mpira mgumu wenye tundu, unaopakwa uji mzito au nyama ya kusaga kwa ndani, unamshughulisha muda mrefu. Usimpe mfupa uliochemshwa: ukipikwa unavunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kumchoma utumboni. Chochote utakachompa, kaa karibu umwone anavyokitumia.

Mbwa anayechoka kukaa bure anahitaji kutembezwa. Hapa nasema kwa uchungu kidogo, maana mjini kwetu mbwa wengi wanafungiwa bandani kutwa nzima na kufunguliwa usiku walinde. Mnyama mwenye nguvu za kukimbia kilomita kadhaa anakaa kwenye chumba cha hatua tatu kwa tatu, halafu tunashangaa kwa nini amekwangua lipu mpaka tofali likaonekana. Nusu saa ya matembezi asubuhi kabla jua halijawa kali itaokoa ukuta wako kuliko rangi yoyote ninayoweza kukuuzia.

Mwoga wa radi na fataki mwandalie kona yake ndani ya nyumba: mbali na dirisha, pazia limeshushwa, redio inaimba kwa sauti ya wastani, na kitambaa chenye harufu yako. Usimfungie nje usiku huo.

Dume anayekojolea kuta, zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kumhasi. Kwa wengi tabia hiyo hupungua, hasa akihasiwa kabla haijawa mazoea ya miaka. Lakini jike au dume aliyekuwa msafi akianza ghafla kukojoa ndani, huenda ni maradhi ya kibofu au figo. Hilo halitatatuliwa na fundi.

Kuna dawa ya kupaka ukutani ili asisogee?

Hapa nataka nisikilizwe vizuri, kwa sababu nimeona mambo ya kusikitisha.

Oili chafu ya gari usipake. Wengine huipaka chini ya ukuta wakidhani inafukuza mbwa na mchwa kwa pamoja. Mbwa akijisugua pale, atajilamba, na sumu ile itaingia mwilini. Pia lipu iliyonywa oili haishiki rangi tena. Itabidi ichimbwe yote. Mafuta ya taa ni hivyo hivyo. Vidonge vya nondo, vile vyeupe vya kuweka kabatini, ni sumu kwa mbwa hata akimeza kimoja. Pilipili ya unga inaingia machoni na puani, na mtoto wa nyumbani atakayegusa ukuta ule naye atalia.

Kilicho salama ni siki nyeupe iliyochanganywa na maji kiasi sawa. Nyunyiza pale anapopenda kunusa na kutafuna. Harufu yake inawakera mbwa wengi, lakini huisha upesi, hivyo rudia kila siku. Usiinyunyize kwenye ukuta wa chokaa au kwenye marumaru za mawe ya asili, maana asidi inavila.

Ni kinga gani ya ukuta inayodumu?

Wazee wetu walishatuonyesha. Ingia shule yoyote ya zamani, zahanati au korido ya ofisi ya serikali: chini rangi ya mafuta, mara nyingi ya kahawia, kijivu au bluu iliyokolea, na juu rangi ya maji nyeupe au krimu. Mkanda ule wa chini haukuwekwa kwa urembo. Uliwekwa kwa sababu chini ndiko viatu, mabega, mikono ya watoto na mifagio inapogusa. Mbwa anaishi kwenye mkanda huohuo.

Kwa hiyo ninapopewa kazi kwenye nyumba yenye mbwa, nauhesabu ukuta kuwa kuta mbili. Mita moja ya chini ni ukuta wa mbwa, na juu yake ni ukuta wa watu. Kwa mbwa mkubwa, kama German Shepherd ambaye dume lake linafika sentimita 60 hadi 65 begani, napandisha mpaka mita 1.2. Akisimama kwa miguu ya nyuma atapita hapo, lakini sehemu anayoigusa kila siku itakuwa imelindwa.

Rangi ya mafuta inafutika kwa sabuni, hainywi mkojo upesi, na kucha zinaiteleza badala ya kuichimba. Ila ina sharti moja ambalo mafundi wenye haraka wanalivunja: haipakwi juu ya lipu mbichi. Sementi changa ina ukali wa alkali unaoigeuza rangi ya mafuta kuwa kitu kinachofanana na sabuni. Inanata, kisha inabanduka vipande vipande. Acha lipu ikauke wiki nne, upake praima (rangi ya kwanza ya kuandaa ukuta) inayostahimili alkali, ndipo upake rangi yenyewe mikono miwili, yaani mara mbili.

Marumaru ni bora zaidi mahali mbwa anapolala au kulia chakula, na kwenye veranda. Si lazima zifike juu. Mita moja yatosha. Hakikisha fundi amejaza sementi nyuma ya kila marumaru, maana pakiwa patupu itapasuka siku mbwa atakapoirukia, na kupe watajificha humo.

Kona zilizochongoka, zile anazozipenda mtoto wa mbwa, zifunike kwa pembe ya aluminiamu ya dukani, ileile inayotumika kwenye ngazi. Ikate kimo cha mita moja na kuikaza kwa skrubu na plagi. Usitumie misumari mifupi. Ataing'oa na huenda akaimeza.

Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kugusa ukuta, plaiwudi iliyopakwa vanishi na kuegemezwa nyuma ya kitanda cha mbwa inafanya kazi nzuri na unahama nayo.

Nje, mbwa aliyefungwa mnyororo karibu na ukuta huukata ukuta kwa mnyororo wenyewe. Nimeona mfereji wenye kina cha kidole kwenye lipu, wa nusu duara kamili. Dawa yake ni kumhamisha pale, na ikiwezekana kumfungua kabisa.

Rangi inapauka na kubanduka chini. Nitajuaje kama ni mkojo au ni unyevu wa msingi?

Swali zuri, kwa sababu mbwa wengi wamesingiziwa.

Unyevu unaopanda kutoka ardhini hutembea na ukuta wote. Utauona kama mstari mrefu wa doa, kimo kinachokaribiana, hata nyuma ya kabati ambako mbwa hafiki. Huja kwa wingi wakati wa masika na vuli. Kwa nyumba zetu za karibu na bahari, ambako kuna waliojenga kwa mchanga wa ufukweni, chumvi nyeupe kama unga hutoka ukutani mwaka mzima.

Mkojo wa mbwa una mahali pake: kona, nguzo, fremu ya mlango, mguu wa ngazi. Doa linaanzia juu likiwa dogo na kupanuka likishuka. Ukitaka uhakika, lowesha sehemu hiyo kwa maji safi ya uvuguvugu na unuse baada ya dakika kumi. Kama ni mkojo, harufu kali itafufuka.

Mkojo nao huacha chumvi. Maji yanapokauka, chumvi inabaki ndani ya lipu, inajenga fuwele, na fuwele zinaisukuma rangi kwa nje. Ndiyo sababu kupaka rangi mpya juu ya doa hakusaidii. Baada ya miezi michache linarudi.

Ninaondoaje mkojo na harufu yake?

Kwanza onyo. Usimwage jiki wala dawa yoyote ya klorini juu ya mkojo. Mkojo ukianza kuoza hutoa amonia, na amonia ikikutana na klorini hutoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu. Katika chumba kidogo kisicho na dirisha hilo ni jambo la hatari, kwako na kwa mbwa.

Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji, ukianzia chini kwenda juu ili michirizi isijichore kwenye sehemu kavu. Suuza. Kisha paka mchanganyiko wa siki na maji, uache dakika kumi na tano, usuuze tena na kuacha pakauke kabisa kwa feni. Harufu ikibaki, tengeneza uji mzito wa bekingi soda na maji, ubandike usiku kucha, asubuhi uupanguse. Maduka ya dawa za mifugo mijini huuza pia vinyunyizio vyenye vimeng'enya vinavyomeng'enya mabaki ya mkojo; ukivipata, ni bora kuliko vyote, maana mbwa anarudi mahali anaponusa harufu yake mwenyewe hata kama wewe huisikii.

Ukuta ukishakauka, siku tatu au nne baadaye, piga msasa, futa vumbi, paka praima ya mafuta ili kufungia chochote kilichobaki ndani, ndipo upake rangi. Kama lipu imekuwa laini na inamwagika ukiikwangua kwa kucha, hakuna cha kuoshea hapo. Itoe.

Ninazibaje shimo au lipu iliyochimbwa?

Mikwaruzo midogo ambayo haijapita rangi: osha, piga msasa namba 120, malizia na 220, paka. Basi.

Mikwaruzo iliyofika kwenye skimu, yaani tabaka laini lililo kati ya lipu na rangi: kwangua kwa skrepa kila kinachotikisika, futa vumbi kwa brashi yenye unyevu, jaza skimu kwa tabaka nyembamba mbili badala ya moja nene. Tabaka nene hupasuka ikikauka.

Shimo lililofika kwenye tofali ndilo lenye kazi. Chukua tindo na nyundo, ukate kingo ziwe imara, zikiingia ndani kidogo chini kwa chini ili lipu mpya ishikiliwe. Gongagonga pembeni kwa mpini wa nyundo. Pakilia kama debe tupu, lipu imeachana na tofali na lazima nayo itoke, hata kama inaonekana nzima. Watu huumia roho kuona shimo la kiganja likiwa la sinia, lakini ukibakiza lipu iliyoachia, mbwa ataimalizia mwenyewe mwezi ujao.

Fagia vumbi, lowesha tofali vizuri, paka uji wa sementi kwa brashi. Changanya sementi kipimo kimoja na mchanga wa mto uliochekechwa vipimo vinne. Bandika kwa mwiko ukikandamiza, usizidishe milimita 12 kwa mara moja. Kama shimo ni la kina kirefu, weka tabaka ya kwanza, ikwaruze, subiri mpaka kesho, weka ya pili. Kwenye kona, tanguliza wavu wa kuku uliokazwa kwa misumari ya zege. Kona yenye wavu ndani haimegwi kirahisi.

Halafu mwagilia. Lipu isiyonyweshwa maji inakuwa kama biskuti. Nyunyiza asubuhi na jioni kwa siku tatu angalau, au ning'iniza gunia bichi juu yake.

Siku hizo zote mbwa asifike pale. Sementi mbichi na chokaa huunguza, na atakayeikanyaga atailamba kutoka kwenye nyayo zake. Ikimgusa, mwoshe kwa maji mengi mara moja.

Ukuta wangu ni wa jipsamu na ametoboa shimo. Inarekebishika?

Inarekebishika, na kwa haraka kuliko lipu. Ubao wa jipsamu wa kawaida una unene wa milimita 12 hivi na sura yake ni karatasi. Mbwa mkubwa aliyepania anaupita kwa dakika chache. Kata shimo liwe mraba. Ingiza vipande viwili vya mbao nyuma, vikipita kingo, uvikaze kwa skrubu. Kata kipande kipya kinacholingana, kikaze kwenye mbao hizo, bandika utepe wa nyuzi kwenye maungio, paka poda ya jipsamu, piga msasa. Koroga poda kidogo kidogo, maana inaganda mkononi ukiwa bado unatafuta mwiko.

Lakini kusema kweli, chumba anachobaki peke yake mbwa mwenye tabia ya kuparua kisigawanywe kwa jipsamu. Au funika mita ya chini kwa plaiwudi.

Na nyumba ya udongo? Na zile za mawe na chokaa?

Ya udongo ina raha yake, kwa kuwa dawa iko uani. Loweka udongo uleule uliojengea, changanya na nyasi zilizokatwakatwa, kandika, laza mkono. Tatizo ni mbwa kuchimba chini ya ukuta atafute ubaridi. Mvua ikija, maji yanaingia kwenye shimo na ukuta unakosa miguu. Jaza shimo kwa changarawe na udongo ulioshindiliwa, weka mawe makubwa juu yake, na umtafutie kivuli kingine chenye bakuli la maji. Kwenye nyumba ya tofali, mkanda wa zege wa upana wa sentimita 60 kuzunguka nyumba unamaliza habari hiyo.

Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu, usizizibe kwa sementi. Zile kuta zinapumua. Sementi inafunga unyevu ndani, na baada ya muda chokaa jirani inaanza kuporomoka. Tafuta fundi anayejua chokaa, azibe kwa chokaa na mchanga, na apake chokaa. Rangi ya mafuta niliyoisifu hapo juu nayo haifai huko. Weka plaiwudi au jamvi la kuegemeza.

Kupe wanapanda ukutani. Wanahusiana na nyufa?

Sana, na naomba swali hili lisichukuliwe kijuujuu. Kupe wa kahawia wa mbwa ana tabia ya kuishi na mwenyeji wake ndani ya nyumba. Jike akishashiba damu hushuka, hupanda ukuta na kuingia kwenye ufa, nyuma ya skatingi au kwenye kona ya dari, akataga mayai kwa maelfu. Unamwogesha mbwa dawa Jumamosi, Jumatano ana kupe tena, unailaumu dawa. Wanatoka ukutani.

Kwa hiyo kuziba nyufa ni tiba. Siku moja fanya mambo yote: mbwa apate dawa ya kupe kwa kipimo cha daktari wa mifugo, banda na kuta zinyunyiziwe dawa hasa kwenye maungio, na baada ya kukauka nyufa zizibwe na kupakwa rangi. Mtoe mbwa, watoto na vyombo wakati wa kunyunyiza. Rudia kunyunyiza kama lebo ya dawa inavyoelekeza, maana mayai hayafi yote mara ya kwanza. Kupe hawa wanaeneza magonjwa ya damu ambayo yameua mbwa wengi wazuri, pamoja na wa kwangu mmoja, kwa hiyo ukiona ufa kwenye banda usiuite wa urembo.

Mwenye nyumba wangu ni Mwislamu na ana wasiwasi kuhusu najisi. Tufanyeje?

Mheshimu, na mzungumze mapema, si siku ya kuhama. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani yetu, mahali palipopata mate au unyevu wa mbwa panaoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Masuala madogo madogo ya namna ya kuosha ukuta aulizwe sheikh wake. Upande wangu wa fundi ni huu: ukuta wa marumaru au rangi ya mafuta unaoshwa mara saba bila kudhurika, wa rangi ya maji ya bei ya chini utabanduka mara ya tatu. Nimeshawapatanisha wapangaji na wenye nyumba kwa kuweka tu mkanda wa marumaru verandani na mbwa akabaki upande huo.

Mbwa wangu anakula lipu na rangi. Ni hatari?

Kulamba mara moja moja hakutishi. Kula kila siku ni dalili: chakula duni, minyoo, au msongo. Ugali mtupu na mifupa havimtoshi mbwa. Mpeleke kwa daktari.

Rangi kuukuu ni habari nyingine. Rangi za mafuta za zamani ziliwekwa madini ya risasi, na risasi ni sumu kwa mbwa na kwa watoto. Siku hizi viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa milioni, lakini mlango wa nyumba iliyojengwa miaka ya 1970 haukusubiri viwango hivyo. Mlango au ukuta wa namna hiyo usipigwe msasa mkavu. Ulowe kwanza, vaa barakoa, kusanya mabaki yote na kuyafunga, watoto na mbwa wakae mbali. Mbwa aliyekula rangi kuukuu akaanza kutapika, kukosa hamu ya kula au kutetemeka, asingoje kesho.

Ninahitaji rangi kiasi gani?

Lita moja hufunika mita za mraba 8 hadi 12 kwa mkono mmoja. Ukuta wa mita 4 ukipakwa mkanda wa mita moja, mikono miwili, lita moja inatosha ikiwa lipu haina kiu. Bakiza kidogo kwenye kopo lililofungwa vizuri, uandike namba ya rangi juu yake. Kutafuta rangi inayofanana baada ya mwaka ni kazi. Kwa chaguo la rangi, nenda kwenye kahawia ya udongo au kijivu. Nyeupe chini ni kujitafutia lawama.

Mimi ni mpangaji. Nijilinde vipi?

Piga picha kila ukuta siku unayoingia, hasa chini, na uzitume kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo. Mwambie una mbwa. Akiruhusu, iandikwe kwenye mkataba pamoja na nani atarekebisha nini. Tengeneza uharibifu mdogo kila mwezi badala ya kuurundika. Na usipige lipu wakati wa masika kama ukuta ni wa nje, haikauki inavyotakiwa.

Mbwa wangu amezeeka. Anakojoa ovyo na anajisugua kila ukuta. Nifanyeje?

Huyo mvumilie. Mara nyingi macho yamefifia na ukuta ndio fimbo yake ya kutembelea. Usihamishe makochi na meza ovyo, maana ameshaikariri njia. Weka zulia dogo lisiloteleza pale anapokata kona, ili asijigonge. Mpeleke nje mara nyingi zaidi, hasa akiamka na kabla ya kulala, na daktari amwangalie figo na kibofu, kwa sababu kuna dawa za kumpunguzia adha.

Ukutani, paka rangi ya mafuta kwenye njia yake peke yake, hata kama ni korido moja tu. Mbwa wangu mkubwa ana miaka kumi na tatu sasa, na mstari wake unaanzia mlango wa jikoni mpaka chumbani kwetu. Nauosha kila Jumamosi kwa sponji na sabuni ya maji, dakika tano, naye amelala palepale pembeni.